Debe la maharage linaloamkiwa kila Jumatatu

Ukungu bado umelala juu ya mabati ya soko la Kasulu, na Divine Niyonkuru ameshaanza kuliamkia debe.

Amesimama mlangoni mwa ghala la nafaka, miguu ameitanua kidogo, debe lililojaa maharage amelikumbatia kifuani. Anashuka polepole mpaka amechuchumaa kabisa. Mgongo umenyooka, visigino havijabanduka chini. Anatulia kidogo, kisha anainuka kwa kasi.

"Amahoro, mwanangu," debe linaitikia salamu kwa sauti nene ya kiume.

Ni Nkunzimana, mbebaji mwenzake, aliyejibanza nyuma ya magunia. Ghala zima linacheka. Divine anabana midomo, maana akicheka pumzi itakatika, na bado zimebaki mara tatu.

"Kila Jumatatu na kila Alhamisi ni hivyo hivyo," anasema baadaye, akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Wameshanizoea. Nisipoliamkia, wananiuliza kama tumegombana nalo."

Divine ana miaka ishirini na sita. Kwa miaka minne amebeba mizigo katika ghala hili, shilingi mia tatu kwa kiroba cha kilo hamsini, na siku ya soko hufikisha viroba arobaini. Jioni, mikono ikishapumzika, hucheza mpira wa wavu na wanawake wenzake wa sokoni.

Ni mfupi. Ana sentimita mia moja sitini na mbili, na wavu wenyewe hufungwa mita mbili na sentimita ishirini na nne. Ili apige mpira kwa nguvu mbele ya wavu, lazima aruke kweli kweli.

Jumamosi hii timu yake inakwenda Kibondo kwenye bonanza. Huko ndiko anakoishi mama yake, Bi Ininahazwe, mkulima wa muhogo ambaye mguu wake mmoja huvimba na haumruhusu kusafiri. Uwanja uko karibu na kwake. Hajawahi kumwona binti yake akicheza hata mara moja.

"Mama ananiambia kwenye simu, 'Nasikia siku hizi unaruka. Mimi nilikuacha unatambaa,'" anasema Divine. "Sasa nikifika pale nikakaa benchi, nitamwambia nini? Ataletwa kwa baiskeli kuja kuangalia benchi?"

Mwenye kuamua ni Zuhra Shamsi, muuza vitenge ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Tanga. Ujana wake aliucheza wote kwenye wavu, na sasa ndiye anayeifundisha timu. Kwenye ukuta wa ghala amechora mstari wa mkaa, mita mbili na sentimita hamsini na tano kutoka chini. Anayecheza mbele sharti aufikie. Mchezaji huchovya vidole kwenye unga wa muhogo, huruka na kugusa ukuta, na alama nyeupe husema yenyewe.

Miezi mitatu iliyopita, alama ya Divine ilikuwa sentimita nane chini ya mstari.

Basi akafanya ambalo mbebaji yeyote wa ghala lile angelifanya. Akaongeza mzigo. Ghalani wote huamini kwamba miguu inayobeba kiroba itaruka yenyewe siku kiroba kikitoka. Akawa anabeba viroba viwili kwa mpigo, anapanda navyo mteremko wa sokoni, na saa ya chakula, wenzake wakila, yeye anaruka kamba mara mia tano. Kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa.

Wiki tatu baadaye alichovya vidole, akaruka. Alama ilikuwa imeshuka sentimita mbili zaidi, na magoti yalikuwa yanamuuma.

"Nililia," anakiri. "Nilijificha nyuma ya mashine ya kusaga nikalia. Bi Zuhra akanifuata na chai ya tangawizi. Hakuniuliza kitu mpaka nilipoimaliza."

Zuhra alimweleza taratibu. Nguvu ya kubeba kiroba, alimwambia, ni nguvu ya kutoanguka. Magoti hukunjwa kidogo tu, hatua ni fupi, mwendo ni wa polepole. Anayeruka anahitaji nguvu nyingine, ile ya kutoka chini kuja juu, na kuja upesi.

"Nikamwambia, mwanangu, wewe una nguvu za lori," Zuhra anakumbuka. "Lori halichomoki kama pikipiki. Halafu hujalipumzisha hata siku moja."

Wakakaa kwenye benchi la duka la vitenge wakachagua. Kamba ya mara mia tano ikaondolewa. Kupanda mteremko na viroba viwili kukaondolewa. Yakabaki mambo manne. La kwanza ni kuchuchumaa na debe. La pili ni kupanda juu ya kreti la soda kwa mguu mmoja mmoja. Kisha kuinua visigino mpaka mashavu ya miguu yawake moto. La mwisho ni kuruka kwa nguvu zote mara tano tano, mizunguko michache tu, huku akipumzika katikati mpaka pumzi irudi. Siku mbili kwa wiki, na baada ya kila siku ya mazoezi, siku ya kupumzisha miguu.

Tatizo lilikuja kwenye debe. Divine alishindwa kuchuchumaa vizuri. Kila alipolishika, visigino vilinyanyuka, magoti yakaingia ndani, mgongo ukapinda kama wa mtu anayetafuta sindano. Walijaribu juma zima.

Ndipo akapita Bibi Uwimana, ajuza anayeuza karanga za kuchemsha nje ya ghala. Divine aliliweka debe chini na kumwamkia kama alivyolelewa, kwa adabu ya Waha, wenyeji wa huku. Alichuchumaa mpaka chini, akapiga makofi taratibu, "Mwakeye, bibi," akangoja aitikiwe, akainuka.

Zuhra aliona. Visigino vilikuwa chini. Mgongo umenyooka. Magoti yametazama mbele.

"Rudia," akasema.

"Nimwamkie tena?"

"Mwamkie tena. Kisha shika debe, umwamkie nalo."

Bibi Uwimana alitabasamu, akaweka kigoda chake pale pale, akaketi. Aliitikia salamu kumi na mbili asubuhi ile, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. "Mtoto akikuamkia utamwacha amechuchumaa?" anauliza. Tangu hapo Jumatatu na Alhamisi hukaa mlangoni na kikapu chake. Hasemi sana. Divine akimaliza, hukuta karanga kwenye kipande cha gazeti zinamsubiri.

Wema mwingine ulikuja bila maneno. Siku za kupumzisha miguu zingemkosesha Divine kipato. Nkunzimana, yule yule wa kuitikia kwa niaba ya debe, ndiye hushona midomo ya magunia, kazi ya kukaa. Asubuhi moja alimwachia Divine sindano na uzi, akaenda kubeba viroba yeye. Tangu hapo hubadilishana.

"Anashona vibaya," anasema Nkunzimana. "Magunia yake yanacheka. Lakini nitafanya nini, ni dada yetu."

Wiki hii ya safari, Zuhra amepunguza kila kitu nusu, ili miguu ifike Kibondo ikiwa safi. Jumatatu, asubuhi ile ya ukungu, Divine aliliamkia debe mara sita tu.

Alhamisi hata hizo hakuzifanya. Saa kumi na moja jioni timu imekusanyika ukutani. Wabebaji wameacha mizigo. Bibi Uwimana amesogeza kigoda.

Divine anachovya vidole. Anarudi hatua tatu, anakuja, anashuka, anachomoka.

Zuhra anapanda juu ya kreti na kuangalia kwa karibu, miwani mkononi. Vidole vitatu vya unga vimekaa juu ya mkaa. Si juu sana. Sentimita moja.

"Jumamosi unacheza mbele," anasema Zuhra, na anashuka.

Nkunzimana analibeba debe na kulizungusha ghalani akilipongeza. Divine amechuchumaa mbele ya kigoda cha Bibi Uwimana, anapiga makofi taratibu, na safari hii, hata baada ya kuitikiwa, hainuki upesi.

Anasema mwakani anataka kuwafundisha mabinti wengine wa sokoni, mapema, kabla hawajaharibu magoti yao kama yeye. Lakini kwanza Kibondo. Ameshapanga kila kitu. Mama yake atawekewa kiti upande wa wavu.

"Nikiingia uwanjani nitakwenda mbele yake, nichuchumae nimwamkie vizuri, mpaka aitikie," anasema. "Nikiinuka hapo, sitasimama. Nitaruka moja kwa moja, aone."