Nilimshtaki mwenzangu kwa dawa za kuongeza nguvu kwa sababu lactate yake ilishuka haraka kuliko yangu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika hili kwa aibu, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni dada wa Kijenge, nakimbia mita 1500 kwenye klabu ndogo. Mazoezi tunafanyia Kisongo, asubuhi.

Kocha wetu ana kamashine ka kupima lactate, kitu ambacho misuli inakimwaga kwenye damu ukikimbia kwa nguvu. Unapiga mita 400 mara sita kwa kasi ya kufa mtu, anakutoboa ncha ya sikio, tone moja la damu, namba inatokea. Baada ya dakika kumi anapima tena.

Kuna mwenzangu, tumwite Anaeli. Binti wa Kimeru, kwao ni juu mlimani, wana kahawa na migomba. Siku zote alikuwa nyuma yangu.

Akaomba ruhusa ya wiki sita akamsaidie bibi yake kuchuma kahawa. Aliporudi tukapimwa.

Tulipomaliza tu kukimbia, namba zetu karibu sawa. Dakika kumi baadaye yangu imeshuka kidogo, yake imeporomoka. Mimi niko chali kwenye nyasi, yeye anajiandaa kuondoka!

Nikajisemea, huyu anatumia kitu.

Nikaanza kumchunguza. Akipigiwa simu anaenda kuongelea pembeni. Mazoezi yakiisha anawahi kwao. Nikamuuliza siri yake, akacheka: "Milima tu, dada." Nani anaamini hiyo?

Nikaenda kwa kocha, nikamwambia Anaeli anatumia dawa.

"Una ushahidi?"

"Kocha, namba si umeziona mwenyewe?"

Kesho yake jina la Anaeli halikuwepo kwenye orodha ya mbio za mkoa.

Mtakaosema ulikuwa wivu, ni kweli. Ila wakati ule mimi niliuita haki.

Jumamosi nikapanda hadi kwao kutafuta ushahidi. Nikajibanza kwenye kahawa. Nikamwona anapandisha kilima mbio mpaka magoti yanatetemeka, anashuka akitembea, anarudia. Nilihesabu mara kumi na mbili nikaacha.

Sauti nyuma yangu: "Wewe, unatafuta nini kwenye kahawa yangu?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Bibi akamtazama mjukuu wake. "Tangu msimu wa kuchuma anafanya hivyo kila jioni. Ila wiki hii anakimbia analia, na hataki kusema kwa nini."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudi kwa kocha nikamweleza yote. Akashika kichwa.

"Na mimi nimekosea. Kale kamashine hakapimi dawa. Lactate si sumu, ni mafuta ya kuendeshea mwili, kama ya gari. Msuli ukifanya kazi kwa nguvu unaizalisha, halafu ndani ya msuli kuna protini, tuziite wabebaji, za kuitoa nje, na misuli mingine pamoja na moyo vinaipokea na kuichoma. Ukirudia mazoezi makali, wabebaji wanaongezeka. Anaeli amewaongeza kule kilimani."

Akapiga simu kurudisha jina. Usajili ulishafungwa.

Nilimfuata Anaeli kwao, nikamwambia mwenyewe kwamba ni mimi niliyemchongea. Akasema tu, "Ungeniuliza mara ya pili, ningekupeleka tukakimbie wote." Akaingia ndani.

Nilichojifunza: namba inakwambia kilichotokea kwenye damu, haikwambii mtu ameficha nini.

Mnaojua mambo ya misuli, nirekebisheni nilipokosea. Na uliyewahi kumchafua mtu kwa hisia tu, ulirudi kwake vipi? Tangu hapo nimeshapanda kwao mara mbili. Bibi ananikaribisha chai. Anaeli hatoki chumbani.