Rundo la Wifi Yangu Odilia

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu: siku niliyoliliwa msiba nikiwa hai. Sogeza kigoda ukae. Nikikuambia wivu unauma, usidhani nimesimuliwa.

Wakati huo akinamama wa Ruhuwiko tulikuwa tunaponda kokoto. Mume wangu alikuwa mtunza ghala la ushirika, na wanunuzi binafsi wa mahindi walipoingia mjini, ghala likafungwa, naye akarudi kukaa nyumbani. Nikashika nyundo. Wifi yangu Odilia, mdogo wa huyo mume wangu, nilimfundisha kazi mimi mwenyewe: jiwe uligonge wapi lipasuke, vidole uvizungushie mpira wa baiskeli visipondeke. Labda ndiyo maana nilimwona kama mali yangu.

Ikaja kampuni ya kutengeneza barabara ya mtaani kwetu. Msimamizi wake alikuwa mzee wa Kihehe, na Wahehe na sisi Wangoni ni watani, kwa hiyo tulimwita Mtani tu. Akatangaza kwamba atachagua mama mmoja awaongoze wenzake kuleta kokoto. Nafasi hiyo niliiona ni yangu. Nyumba yangu ilikuwa inaitegemea, na heshima yangu pia.

Basi ghala lile la ushirika likabomolewa. Lori la kampuni likawa linabeba vipande vya sakafu na misingi, zege tupu, kwenda kuvimwaga bondeni. Odilia akamsimamisha dereva, akamwomba amwage uani kwake. Tulimcheka sana. Nani anaponda zege? Kumbe zege la zamani linavunjika upesi kuliko jiwe la mlimani. Akawa anang'oa nondo, anatupa vipande vya matofali, anachekecha vumbi, na rundo lake likapanda mpaka usawa wa dirisha. Langu lilikuwa bado magotini. Kila nikipita pale roho iliniuma. Hata salamu yake sikuipenda, maana alinisalimia kwa furaha.

Nikaanza maneno. Nilisema kisimani, nikasema baada ya misa, nikamalizia kwa dereva mwenyewe: zege hilo limeshaoza, mvua ya kwanza tu litakuwa uji, na barabara ikiharibika tutafukuzwa sote. Maneno yakafika. Lori lililokuwa linakusanya kokoto zetu likaacha kuchukua za Odilia.

Mtani hakubishana na mtu. Alichukua matoroli machache ya kokoto zile za zege, akazitandaza mwanzo wa barabara, akamwagia maji, mtambo ukashindilia. Mvua zikanyesha. Lori likapita pale na mzigo wake, likarudi, likapita tena, na kile kipande hakikutitia hata kidogo.

Asubuhi moja akaja tulipokuwa tunapondea. Nikasimama.

"Shikamoo, Mtani."

Alichukua kanga yangu, akajifunga kichwani, akaketi chini kando ya kokoto zangu, akaangua kilio.

"Yuwiii! Mngoni wangu kafa! Juzi alikuwa mzima, leo wivu umemmaliza!"

"Mtani, acha bwana, watu wanatuangalia."

"Marehemu haongei! Nani alimwambia kokoto zake hazina kazi? Za mlimani nazitaka kwa makalavati ya kupitisha maji. Za Odilia nazitaka za kutandaza chini ya barabara. Kazi zilikuwa mbili, jamani, marehemu akaona moja! Yuwiii!"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Na utani unaujua, mwanangu: ukikasirika, umejiongezea aibu. Nikatoa kuku wangu, kama desturi, wa kumnyamazisha mtani anayelia, na machozi yalikuwa yananilenga.

Jioni nikaenda kwa Odilia. Nikamwomba radhi, nikamwomba na mimi anifundishe kuponda zege.

"Zege limekwisha, wifi," akasema. "Ghala lote limeshabebwa."

"Hata la lori moja halikubaki?"

"Lilikuwepo la lori moja. Nilimwambia dereva akamwage kwako, liwe lako. Uliposema limeoza, nikamwambia apeleke tu bondeni. Nilijua hulitaki."

Hakusema kwa kunikomoa. Alisema tu, akaendelea kukung'uta chekeche lake. Uongozi akapewa yeye. Na mimi, nikufiche nini, niliuonea wivu hata ule wema wake. Mpaka leo nikipita barabara ile najikuta natafuta mashimo.

Kwa hiyo sikwambii usione wivu, utauona tu, tena kwa watu wa karibu yako. Ninachokuambia ni hiki: siku utakapokushika, usiende nao kwa majirani. Nenda nao kwa mwenyewe, siku hiyo hiyo, uwe umenuna vivyo hivyo, umwambie, "Mwenzangu, umefanyaje? Nionyeshe." Atakuonyesha. Wengi wanaotuuma roho walikuwa wameshatutengea fungu letu, wanangoja tu tupige hodi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe riziki ya mikono yako, na mwenzako akitangulia kupata, akupe moyo wa kwenda kwake kabla fungu lako halijamwagwa bondeni.