Mashine ya Kuonyesha Njia ya Runzewe

Kijijini Songwa, mtu akimaliza chuo kikuu anaweza asipate kazi, lakini jina hakosi. Sostenes alirudi nyumbani na shahada ya jiografia, wakamwita Msomi, na kwa miaka miwili hicho ndicho kilikuwa cheo chake pekee. Aliwasomea watu barua za benki, maelezo ya dawa za ng'ombe na tarakimu za mita ya umeme. Hakulalamika. Kwa kweli alilipenda jina lile kuliko alivyopaswa, na akiitwa barabarani aligeuka taratibu, kama waziri.

Wakati huo baba yake mkubwa, Mzee Herman, fundi mitambo mstaafu wa mgodi wa almasi wa Mwadui, alikuwa ameishangaza Songwa nzima. Alinunua basi dogo, Kosta kuukuu, akang'oa viti vyote, akaweka ndani kitanda, kabati na jiko la gesi, na juu ya paa akafunga tangi la maji. Watu waliiita nyumba ya matairi, na wapo waliosema kiinua mgongo kimempanda mzee kichwani. Lakini Mzee Herman alikuwa na sababu. Binti yake Goodness aliolewa Runzewe, naye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na ubatizo ulikuwa Jumapili. Mzee alishika mila: mzazi halali chini ya paa la mkwe wake.

"Nikikoroma mkwe anasikia," alisema. "Asubuhi atanisalimiaje?"

Basi angeegesha nyumba yake uani kwa mkwe, alale kitandani pake na mkewe Febronia, na heshima ibaki mahali pake.

Sostenes ndiye aliyeleta habari ya GPS. Alikuwa amesoma kwamba gari-nyumba halisafiri hovyo kama pikipiki. Lazima liwe na chombo cha kuliongoza kinachojua urefu wake, uzito wake, na madaraja yatakayolishinda.

"Msomi," Mzee Herman alimjibu, "kutoka hapa tunashika Shinyanga, Tinde, Kahama, Ushirombo, Runzewe. Lami ni moja. Tukipitiliza, Warundi watatuambia."

"Baba mkubwa, kukisia njia si mpango."

Mzee alimtazama, akakumbuka kijana huyu ana miaka miwili hana kazi, akakubali kama mtu anavyokubali kuonja mboga ya mtoto anayejifunza kupika.

Sostenes alinunua daftari jipya. Alipanda juu ya Kosta na futi kamba, akapima hadi kilele cha tangi, akaandika mita tatu na sentimita arobaini, akapiga mstari chini yake mara mbili. Kisha akaanza uchunguzi. Simu ya mkononi aliiondoa mapema, maana ramani yake hutaka bando na mtandao, na mtandao huko mbele huja na kuondoka kama mgeni mwenye shughuli nyingi. Mwanza aliona dukani mashine ya kubandika kwenye kioo cha gari, inayouliza vipimo vyote na kutamka kila kona kwa sauti ya mwanamke. Aliipenda hadi akapiga simu nyumbani. Mama mkubwa Febronia aliuliza swali moja tu: huyo mwanamke anazungumza lugha gani. Muuzaji akasema Kiingereza na Kichina.

"Hapana," alisema mama mkubwa. "Mwanamke mwingine ndani ya nyumba yangu, anampa mume wangu amri, tena simwelewi? Mwache hukohuko Mwanza."

Ya tatu aliipata Katoro, kwa mtu aliyeuza vitu vilivyotumika. Ilikuwa ya kushika mkononi, ya manjano, nzito kama tofali, na usahihi wake ulikuwa wa mita tatu. Muuzaji alisema aliwahi kuzunguka nayo Bukombe yote.

"Runzewe imo humu ndani tayari," alisema. "Unachagua hapa, unabonyeza, unafuata mshale."

Sostenes hakuuliza alizunguka nayo akitafuta nini. Alirudi nyumbani, akaandika ripoti ya kurasa nne yenye jedwali la alama, ambamo nusu ya alama zote alizipa usahihi. Ya manjano ikashinda. Ilikuwa haina barabara hata moja ndani yake, ila mshale tu juu ya kioo cheupe. Jambo hilo aliliandika ukurasa wa tatu chini ya kichwa "Sifa za Ziada", akaeleza kwamba haimchoshi mtumiaji.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Sostenes alikaa mbele na mashine magotini, na kila baada ya dakika kumi alitangaza, "Tuendelee mbele." Mzee Herman, ambaye lami haikumwachia njia nyingine, aliendelea mbele. Hivyo wakapita Kahama, wakapita Ushirombo, na Sostenes alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa barabarani siku hiyo.

Mbele kidogo, mshale ukaanza kulala kulia.

"Baba mkubwa, tunakata kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Runzewe. Kilomita nne."

"Kile kibao kinasema Runzewe ni mbele."

"Vibao vinawekwa na watu. Hii inasoma satelaiti."

Mzee Herman akapunguza mwendo na kumtazama mkewe kwenye kioo.

"Mpe njia yake," alisema mama mkubwa Febronia. "Tumeshaibeba hiyo mashine, acha tuone."

Waliingia njia ya ng'ombe. Matawi yalikwangua tangi, sufuria zikaanguka kabatini, na mama mkubwa akazitaja moja moja kwa majina ya waliompa. Hatimaye, ukingoni mwa shamba la muhogo, mashine ikalia. Walikuwa wamefika, ikasema. Sostenes akatazama nje. Hapakuwa na mji, wala kanisa, wala mkwe.

Mtu mwingine angesema gari ligeuzwe. Sostenes alikuwa na shahada. Alishuka, akaingia shambani akiinua mashine juu, akapiga hatua kumi mashariki, kumi kaskazini, akarudi. Akachuchumaa, akatazama ardhi kwa makini, kana kwamba Runzewe imeanguka hapo na kupotea majanini. Akatoa daftari, akaandika.

Sasa, ukanda huo una kanuni moja ambayo haikuwamo katika vitabu vya Sostenes, japokuwa kila mkazi anaijua. Mtu mgeni, mwenye gari kubwa lisiloeleweka, akionekana shambani na GPS akichuchumaa na kuandika, basi hapo kuna dhahabu. Wachimbaji wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama. Mmoja akatoa simu, na mtandao, ambao siku nzima haukuwapo, saa hiyo kwa huyo mtu ulikuwapo.

Nusu saa haikupita. Zilikuja pikipiki, kila moja na watu watatu na sururu zao. Kila mtu alikuwa akipima kwa hatua na kuchomeka kijiti chake. Aliyewatangulia alikuwa mwanamume mfupi aitwaye Makoye, mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Geita na sauti ya mtu aliyezoea kusemesha walio chini ya ardhi.

"Shikamoo mzee," alimwambia Mzee Herman, kisha akamgeukia Sostenes. "Bosi, mwamba umelalia wapi?"

"Ndugu yangu, hakuna mwamba," alisema Sostenes. "Tumesimama hapa kwa sababu za kiufundi."

Mnong'ono wa furaha ukapita katikati ya watu.

"Za kiufundi zipi?"

"Nilikuwa nathibitisha viwianishi, yaani namba za mahali hapa kwenye ramani."

"Mmesikia?" mmoja aliwaambia wenzake. "Anathibitisha. Maana yake walishapima, hii ni mara ya pili." Akang'oa mche wa muhogo ili kijiti chake kisimame vizuri.

Hapo ndipo alipofika mwenye shamba, mwanamke mtu mzima mwenye jembe begani. Jina lake Scolastika. Hakupiga kelele. Alitazama vijiti, akatazama mche uliong'olewa, akamtazama kijana mwenye mashine.

"Mwadila, mwanangu," alimsalimia kwa Kisukuma. "Umepima nini shambani kwangu?"

"Shikamoo mama. Sikupima kitu."

"Marahaba. Alikuja mwingine zamani na mashine kama hiyo, akasema anapima maji, atatuletea kisima. Kisima hatukukiona. Hawa nao watapata nini?"

"Mama, mwenye shamba lazima aseme ni maji," alisema Makoye kwa adabu. "Hata mimi ningesema hivyo."

Sostenes akamkumbuka muuzaji wa Katoro aliyezunguka Bukombe yote: kumbe alama ya "Runzewe" iliyobaki mashinani ilikuwa shamba hili. Mama Scolastika alimshika mkono, akamwonyesha upande wa pili wa njia. "Unaliona lile la Mihayo? Mwaka juzi walisikia kuna dhahabu. Wiki moja walichimba, wakaondoka. Mashimo ndiyo yaliyobaki. Huwezi kupanda, huwezi kufunga mbuzi. Huu muhogo wangu una mwaka na nusu, ndio chakula changu mpaka mvua nyingine. Umewaita wewe, mwanangu. Waambie waende."

Sostenes aliona lile shamba. Lilikuwa kama chekecheo. Ndipo alipoelewa kwamba kuna neno moja tu la kusema, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini baba yake mkubwa alikuwa anasikiliza, na mama yake mkubwa, na watu wapatao sitini. Alikohoa.

"Nimepotea," alisema.

"Sema kwa nguvu, Msomi," Mzee Herman alisema kutoka mlangoni mwa Kosta. "Huko nyuma hawakusikia."

"Nimepotea. Tulikuwa tunakwenda Runzewe kwenye ubatizo. Nilinunua mashine hii Katoro, nikatoka barabarani kwa ajili yake."

Makoye akatikisa kichwa.

"Runzewe iko kwenye lami. Mzee, huyu amesoma?"

"Shahada," alisema Mzee Herman. "Ya ramani."

"Basi anatuficha. Mwenye shahada ya ramani hapotei kwenye lami moja."

Sostenes aliapa. Alifungua milango ya Kosta, wakaingia kukagua, wakakuta kitanda, jiko na mama mkubwa Febronia akipanga upya sufuria zake; alichowaambia kuhusu viatu vyao kiliwatoa haraka. Aliwasomea daftari lake, lakini takwimu zikazidi kuwapa moyo. Alipowaonyesha jedwali la alama, watu wawili walikimbilia sururu zao. Kadiri alivyojieleza, ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayejua. Miaka miwili alikuwa ametamani kijiji kiamini kwamba anajua kitu. Leo watu sitini waliamini, na hakuna lolote lililowatoa kwenye imani hiyo.

Makoye akaingiza mkono mfukoni, akatoa jiwe dogo, akaliweka kiganjani mwa Sostenes.

"Niambie hili ni nini. Usifikirie."

Jiwe lilimetameta juani, njano tupu kila upande. Sostenes aliligeuza. Alisahau shamba, alisahau ubatizo.

"Ndugu," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni dhahabu. Tena nyingi sana. Usiitembeze mfukoni hivi, utaibiwa."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walitazamana kwanza. Kisha mzee mmoja akaketi chini akishika tumbo, na kicheko kikaenda mstari kwa mstari hadi kwa wenye pikipiki.

"Hili tunalitupa, bosi," alisema Makoye, akijifuta macho. "Linang'aa, basi. Mtoto wangu ana mfuko mzima anachezea duka." Akawageukia wenzake. "Huyu kapotea kweli. Tena hakuanza leo."

Vijiti vikaanza kung'oka. Makoye alisimamia mwenyewe, na waliokuwa wameshafukua wakafukia. Miche saba ya muhogo ilikuwa imeng'olewa. Sostenes alivua koti lake la safari, akakata vipande vya mashina na kuvipanda upya, huku Mama Scolastika akisimama pembeni na kumwambia vilazwe kidogo, macho ya shina yatazame juu, si hivyo, fukua tena.

Alipomaliza, mama yule hakumshukuru.

"Hawa wameondoka," alisema. "Lakini wale waliopigiwa simu kule Katoro na Masumbwe hawakuliona hilo jiwe. Wataendelea kusikia kuna dhahabu shambani kwangu. Kesho watakuja wengine."

"Nifanye nini, mama?"

"Maneno umeyaleta wewe. Lete mengine, yatangulie."

Makoye aliwatoa hadi kwenye lami, yeye mbele na pikipiki, Kosta nyuma. Runzewe ilikuwa mwendo wa dakika kumi, moja kwa moja, na kibao chake ni kikubwa.

Kituo cha mafuta cha kwanza, Sostenes alishuka. Aliwakuta madereva wa malori wamekaa kivulini, akawasalimia, akakohoa, akawaambia kwamba yeye ni msomi wa ramani na leo amepotea kwenye lami moja. Mara ya kwanza aliisimulia vibaya. Aliweka maelezo mengi kuhusu satelaiti. Sokoni aliisimulia tena, akaondoa satelaiti, akaongeza sufuria. Wauza nguo wakawaita wenzao waje wasikie.

Jumapili, baada ya misa, wazee wa upande wa mkwe walipokwishakula, Mzee Herman alisimama akamtambulisha mtoto wa ndugu yake. Wakwe walikuwa wamevaa vizuri. Goodness alimtazama binamu yake kwa jicho la kumsihi asiwaaibishe.

"Karibu, kijana," alisema baba wa mkwe. "Tumeambiwa umesoma. Ulisomea nini?"

"Ramani, baba," alisema Sostenes, akasimama ili hata waliokaa nje chini ya turubai wamsikie. "Na hapa kwenu nimefika jana, kwa kusindikizwa."

Akawasimulia yote, hadi jiwe, na jinsi alivyomwonya mwenye jiwe asije akaibiwa. Katikati ya kicheko mtu mmoja aliuliza shamba lenyewe liko wapi. Sostenes akamwelekeza vizuri, njia ya ng'ombe, ukingo wa muhogo, kwa Mama Scolastika, akahakikisha jina limesikika, ili maneno yatangulie kwamba hapo ndipo hakuna kitu.