Tabibu wa Timu na Zamu Zake

Tangu nistaafu, mimi na binti yangu, muuguzi anayeishi Busanza, hucheza kwenye kompyuta mchezo wa vita ambamo kila mchezaji ana kazi yake. Mimi ni tabibu: nawatibu wenzangu wanapopigwa risasi.

Jumamosi moja wenzetu walitaka kuniondoa kwenye timu kwa uzembe. Uzembe! Daftari ninamoandika kila mchezo lilionyesha kila mara nilipopunguza kasi ya kipanya cha kompyuta hadi alama ya shabaha kwenye skrini ikatulia, na kila aliyeomba tiba, kwa zamu.

"Kwa zamu, baba?" binti yangu aliuliza kwenye simu ya video.

"Anayetangulia kuomba hutangulia kuhudumiwa. Ndivyo nilivyohudumia wateja dirishani kazini miaka yote."

Alicheka hadi akavua miwani. "Mzee wangu, wodini anayevuja damu hupita mbele. Wewe unamtibu mwenye mchubuko, anayekufa unamwambia asubiri!"

Nilikagua daftari. Wanne walikuwa wamekufa wakingoja zamu.

Niliwaandikia wenzetu barua fupi ya kukiri kosa, nikaomba mechi moja tu. Walinikubalia, kwa shingo upande. Katika mechi hiyo, mmoja mwenye mchubuko alipiga kelele sana. Nilimpita, nikamkimbilia aliyeanguka.