Mgongo wa Hariri

Baraza la Afya Kazini limetamka, na likishatamka limetamka, kwamba mtu yeyote ambaye picha ya eksirei imethibitisha kuwa uti wake wa mgongo umeingiwa na baridi yabisi atakoma mara moja kufanya kazi ya kusimama. Mtu huyo atafanya nini badala yake, tamko halikusema. Matamko hayana tabia ya kuingilia mambo ya ndani ya watu.

Nyumbani kwa Mstari tamko hilo lililetwa na binti yake mwenyewe, afisa wa usalama kazini, ambaye alilisoma sebuleni akiwa amesimama, mkoba begani, kana kwamba anasomea umati.

Mstari ni jina la kazi. Jina alilopewa na wazazi hutumika hospitalini tu, na hata huko akiitwa hugeuka kuangalia ni nani huyo. Yeye na mkewe wana duka la dobi: mke hufua, mume hunyoosha. Suruali ikitoka mezani kwa Mstari, mstari wake unaweza kukatia sabuni. Lakini siku hizi akiinama kuokota soksi iliyoanguka, hubaki hukohuko chini kwa muda, kama mtu aliyekuta habari ya kusisimua sakafuni. Wateja wamezoea kumsubiri amalize kusoma.

"Baba, upigwe picha," binti alisema. "Ikionekana ni baridi yabisi, pasi unaiweka chini. Unakuja kwangu, unakaa kwenye kochi, unatazama televisheni."

"Na isipoonekana?"

"Sikusumbui tena."

Wakapeana mikono. Mke, aliyekuwa mlangoni na beseni la shuka, akauliza kama wameshamaliza kumgawana mume wake.

Kochi lenyewe Mstari alilijua. Ni laini, ni pana, na lina kina. Rafiki yake fundi saa alistaafu akakaa kwenye kochi la namna hiyo, na sasa hata saa haulizi. Mstari hakuogopa maumivu, maana hayo walishazoeana. Aliogopa kochi.

Basi asubuhi akaenda kwa mnyoosha mgongo. Huku nyuma, seremala wa jirani akaingia dukani kuchukua suruali.

"Mzee yuko wapi?"

"Amekwenda kunyoosha mgongo," mke akajibu.

"Saa hizi? Wenzake tuko kazini, yeye kalala?"

"Hajalala. Kaenda kunyooshwa."

"Na nani?"

"Na mwanamume mmoja ana mikono kama koleo."

Seremala alichukua suruali yake akaondoka bila kuuliza zaidi.

Huko kwa mnyoosha mgongo, Mstari alikuwa amefika kama anayekwenda kupigwa picha: shati jeupe lililotiwa wanga, tai, kitambaa mfukoni. Mama wa eksirei akamtazama juu hadi chini.

"Vua shati, mzee."

"Picha gani hiyo ya kifua wazi?"

"Ya mifupa."

"Na tai?"

"Na tai."

"Nimeipiga pasi tangu alfajiri!"

"Mifupa haitaiona. Simama hapo, vuta pumzi, ibane. Mbona unatabasamu?"

"Kwani itaonekana?"

"Haitaonekana, ila unatikisika."

Picha ilipobandikwa kwenye kioo chenye taa, mnyoosha mgongo aliitazama kwa utulivu. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, sauti ndogo.

"Unaona pingili hizi, mzee wangu? Nafasi kati yake zimebana. Na hapa pembeni mfupa umeota vijipembe. Hii ndiyo baridi yabisi."

Mstari akaliona kochi likimsogelea. Akajitetea kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani lugha.

"Baridi? Daktari, mimi nashinda na pasi ya moto tangu sijaota ndevu. Hiyo baridi imepitia mlango gani?"

"Ni jina tu, mzee."

"Haya, na yabisi je? Si maana yake kavu? Mimi ni dobi! Nimelowa maisha yangu yote!"

Mnyoosha mgongo akaitazama tena picha. "Nakubali jina halikufikiriwa vizuri."

"Basi nitafutie jingine."

"Jina liache. Shukuru tumepiga picha kwanza. Kwa umri wako, na maumivu yanayokuamsha usingizini, ningekuvamia bila kuona ndani ningekuumiza. Mgongo huu haupindwi mpaka ukalia 'ka'. Huu unabembelezwa."

"Kama hariri," akasema Mstari. "Hariri huiwekei moto wa kaki."

"Naam, kama hariri."

"Kwa hiyo nina mgongo wa hariri."

"Sijasema hivyo."

"Umesema sasa hivi!"

Akalazwa kifudifudi, akabonyezwa hapa, akasukumwa pale, taratibu, bila mlio wowote. Aliposhuka kitandani alisimama wima mpaka tai ikaonekana fupi. Kuhusu kazi hakuuliza, kwa sababu ambaye hajauliza hajakatazwa. Akatoka na bahasha ya picha yake, akiwasalimia watu asiowajua pamoja na mbwa mmoja.

Kwa kinyozi alipita kujitapa tu. "Nina mgongo wa hariri," akatangaza, akajitupa kitini.

"Hongera," kinyozi akasema. "Mimi nina goti la mbao. Na umekalia bahasha yako."

Ndivyo picha ilivyofika dukani ikiwa na kunjo kubwa katikati ya kiuno. Binti alikuwa anakuja alasiri. Ingefaa kuiacha hivyo hivyo, lakini Mstari hajawahi kumkabidhi mtu kitu chenye makunyanzi, na hakuona sababu ya kuanza na mgongo wake. Akatandika picha mezani, akaifunika kitambaa chenye unyevu, akageuza kitufe cha pasi hadi kwenye alama ya hariri, akapitisha.

Akafunua. Kunjo limetoka. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mifupa nayo imetoka, na pahali pake pamekuwa peusi kama masizi. Akadhani hajapitisha vya kutosha, akapitisha tena. Sasa ikawa nyeusi hadi shingoni, imenyooka vizuri sana.

"Umefanya nini?" mkewe akauliza.

"Nimeinyoosha."

"Na mgongo uko wapi?"

"Ulikuwa hapahapa."

Mke akaangua kicheko hadi akashika beseni, beseni likateleza, akakaa kwenye rundo la mataulo machafu akaendelea kuchekea huko. Mstari alikuwa karibu kuungana naye alipotambua kwamba ushahidi umeungua. Hapo akacheka kuliko yeye.

Binti alipofika aliielekeza picha dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ni nini, baba?"

"Mgongo wangu."

"Mbona mweusi tii?"

"Ulitaka uwe wa rangi gani?"

Binti hakuzaliwa jana. Akanusa picha, akaitazama pasi, akamshika baba yake mkono, na nusu saa baadaye walikuwa kwa mnyoosha mgongo. Picha, wakaambiwa, haipotei. Imo kwenye kompyuta. Daktari akaifungua. Kwenye skrini zikatokea migongo miwili, ubavu kwa ubavu.

"Mungu wangu!" Binti akaweka kidole kwenye ule wa kulia. "Baba, hebu tazama! Pingili imekalia pingili! Na huku umepinda kama mpini wa mwavuli! Mwenye mgongo huu anasimama mezani kutwa? Hata kuketi anaketi kwa rehema tu!"

Mstari akatazama. Alijiona tayari ameshazama kwenye mito ya kochi, rimoti mkononi.

"Wa mzee ni huu wa kushoto," daktari akasema.

Binti akautazama wa kushoto. Ulikuwa umechakaa kwa adabu. "Na huu mwingine? Mwenyewe yu hai?"

"Ni wangu. Huwa nauweka pembeni kulinganisha."

Binti akaondoa kidole kwenye skrini.

"Na wewe... kwa siku unasimama kiasi gani?"

"Tangu asubuhi sijakaa. Nikikaa ndiyo unauma." Akamgeukia Mstari. "Meza yako ya pasi ikoje, mzee?"

"Fupi. Ilikuwa ya mama yangu."

"Iinue, isikuinamishe. Ukichoka pumzika, halafu endelea. Na ukiwa na picha nyingine, usiitie pasi."

Kesho yake meza iliwekewa matofali chini ya kila mguu. Binti ndiye aliyeyabeba, kwa mkao sahihi wa kubebea mizigo, akihema. Mstari alipiga pasi mashati ya hoteli nzima huku akiimba, na kila aliyeingia aliambiwa habari ya hariri, atake asitake.

Tamko bado linatumika. Chini yake yamo majina ya wataalamu walioliandaa na kulitia sahihi, na la mnyoosha mgongo ni la pili kutoka juu.