Tumetafuta ulezi, tumeletewa nepi

Leo nimeona kiburi kikinywa uji wetu.

Vijana wa kampuni changa kutoka Dar wamekuja hapa Sumbawanga kutuonyesha mtambo wao wa kutafuta mambo ya kilimo tu mtandaoni. Bure, wanasema, maana matangazo yanayoendana na neno ulilotafuta ndiyo yanayowalipa.

Haya.

Mama mkubwa wangu, mkulima wa Chala, akaomba wamtafutie wanunuzi wa ulezi.

Wakabonyeza. Ukuta mzima ukajaa matangazo: nepi, yaya wa kulala hapo hapo, chekechea!

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nachemka.

Mkubwa wao hata aibu hakuona. Eti, "Mama, hii ni ya kilimo, siyo ya kulea watoto. Taja zao."

Taja zao! Anamwambia mtu aliyelima ulezi tangu hajaolewa!

Na mkononi ameshika kikombe cha pili cha uji aliopika mama mkubwa huyo huyo. Niambieni kama nimekosea kukasirika.

Mama mkubwa akamtazama, taratibu kabisa.

"Mwanangu, ulezi ndio huo unaokunywa. Ule mwingine ndio hukuupata."