Mipango Iliyokaa Kwenye Friji Yangu

Ile 2017, kwa nyumba yetu ya Turffontein, hapa Johannesburg, hungefungua friji bila mipango kukuangukia. Unavuta mlango utoe maziwa, makaratasi waliyobandika hapo chwaa miguuni, na mjukuu wangu anapiga kelele kutoka sebuleni, "Shosho, usichanganye! Karatasi za chini ni za vitu tunavyotoa!"

Mjukuu alikuwa anafanya kazi ya kompyuta kwa benki moja huko Sandton. Lakini roho yake ilikuwa kwa kitu kingine walichotengeneza na kijana mmoja wa kwetu Kenya, walikuwa wamesoma pamoja chuo huko Braamfontein. Wanakiita maktaba, na hakina hata kitabu kimoja. Mimi shule nilionja tu nikatoka, kwa hivyo alinieleza pole pole. "Ni vifaa vidogo vidogo, Shosho. Watu wanaoandika programu wanavichukua bure. Na kila kifaa kina adabu: ukikipa kitu, hakikigusi. Kinakutengenezea kingine kipya, chako kinabaki vile kilikuwa."

Nikamwambia, "Hiyo adabu hata yule aliyeazima sufuria yangu hana." Tukacheka sana.

Jumapili tukitoka kanisani kijana anakuja, napika chapati na ndengu, wao wanapanga. Walitaka kuiboresha: vifaa vinavyofanana viunganishwe, vya zamani vitolewe, na kifaa kikikosea kiseme kimekosea wapi, kwa maneno ya binadamu. Hapo kwa kutoa ndipo walikuwa wanapigana.

"Hiki kitoke leo," kijana anasema.

"Na wale wanakitumia?"

"Watazoea."

"Mtu aamke apate kazi yake imesimama? Tuwaonye kwanza, kitoke toleo linalofuata."

"Wewe ukipewa serikali, hatutawahi kuona barabara."

"Na wewe ukiwa daktari, utakata mguu wa mtu sababu kiatu kinambana!"

Mimi nacheka mpaka ndengu zinashika chini. Mwishowe kijana akakubali waonye kwanza. Mjukuu alitaka kitu kimoja tu: hilo toleo jipya litoke na majina yao mawili, vile walianza. Pesa hakutaka. Kijana nilimhesabu wangu, hata kiti chake pale mezani hakuna mwingine alikuwa anakikalia.

Halafu Jumapili moja hakuja. Nyingine tena, eti kapata kazi mpya kwa kampuni kubwa, imembana. Nikamshukuru Mungu, nikafunga chapati apelekewe.

Jioni moja mjukuu akaingia bila salamu, akakaa chini kwa sakafu ya jikoni na nguo zake za benki. Akaninyooshea simu kana kwamba mimi naweza kuisoma, halafu akanieleza. Kijana amechukua maktaba yote, ameipa jina lingine, jina la kampuni yake liko juu, na kila kitu walichopanga kwangu kimo ndani. Kuonya kwanza kumo. Hata ule mfano wa kufundisha wageni, wa chapati na ndengu, walioutunga wakinilia chakula, umo!

"Si umshtaki!"

"Nitamshtaki na nini, Shosho? Mimi mwenyewe niliandika kila mtu achukue, abadilishe, afanye anavyotaka. Hivi vitu ndivyo huwa."

Watu wakahamia ile mpya. Simu ya mjukuu, iliyokuwa ikilia maswali ya watu kutwa nzima, ikanyamaza.

Kijana alikuja, tena na keki. "Shosho, najua umenikasirikia. Lakini sijaiba. Ya kwake iko palepale vile ilikuwa. Hakuna kitu kimepungua."

Nikasema, "Mimi kompyuta siijui. Lakini hii meza ilikuwa na watu watatu Jumapili. Hebu nihesabie sasa."

Akacheka, akadhani namtania. Akamgeukia mjukuu. "Kile kifaa cha kuunganisha orodha kinakwama orodha ikiwa tupu. Ulikuwa umekifikiria aje?"

Nilingoja afukuzwe, haki ya Mungu nilingoja. Mjukuu akavuta kiti, akamweleza mwanzo mpaka mwisho, bila kuinua sauti, mkono wake ukichora kwa kitambaa cha meza. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda.

"Na wewe ukamwambia yote!" nikasema.

"Wanaoitumia hawajanikosea, Shosho."

Eish. Ni ukweli, na huo ukweli ulinichoma kuliko wizi. Keki nilimpa jirani wetu Mkongo, fundi wa nguo, akarudi na sahani akisema ni tamu ajabu, nimuulize kijana ameinunua wapi. Sikumuuliza.

Siku ile ile mjukuu alibandua makaratasi yote, moja moja, akayakunja vizuri kabla ya kuyatupa. Sasa friji inafunguka bila shida. Nikitaka maziwa natoa tu, hakuna kinachoanguka, na hakuna anayenipigia kelele.